Farasi aliyeinamia treni: kisa cha picha moja na reli ya mlimani iliyokwisha

Kuna picha moja ya mwaka 1956 ambayo kila nikiitazama naanza na farasi, treni naiona baadaye. Farasi mweupe, mzee, jina lake Maud, amefungwa kwenye mkokoteni wenye magunia, kasimama jirani na stesheni ndogo ya mbao, na nyuma yake kichwa cha treni ya mvuke ndo kinaingia na moshi wake. Maud kainamisha kichwa. Basi. Ukiangalia haraka utasema farasi kachoka tu au anatafuta nyasi, ila mpiga picha aliona kitu kingine, akaipa picha jina la kwamba Maud anamwinamia yule "Mtambaazi wa Virginia", ambalo ndo jina la utani la ile treni.

Stesheni inaitwa Green Cove, iko Virginia, Marekani, huko kwenye milima ya Appalachia. Mpiga picha ni O. Winston Link. Nataka nikichambue hiki kisa taratibu kwa sababu watu wanaopiga picha za treni, na mimi nimo, tunakichukulia kama kisa cha ufundi wa flashi na makamera makubwa, na nadhani hapo tunakosea.

Tuanze na reli yenyewe. Lilikuwa tawi, sio njia kuu. Linatoka mji wa Abingdon, linapita Damascus, linapanda milima hadi Whitetop, alafu linashuka kuingia North Carolina mpaka West Jefferson, jumla kama kilomita 89. Hapo Whitetop ndo kileleni, futi 3,577 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 1,090. Kwa mtu wa Lushoto hiyo sio kitu, utacheka, lakini kwa treni ya mvuke inayovuta mizigo kwenye kona zisizoisha na madaraja ya mbao zaidi ya 100 ni kazi ya siku nzima. Jina la Mtambaazi wengine wanasema limetokana na mmea unaotambaa kule, wengine wanasema ni vile treni ilivyokuwa inajikokota kupanda. Mimi nachukua yote mawili, hayagombani.

Treni ilifika Damascus mwaka 1900. Aliyeijenga ni kampuni ndogo iliyoitwa Virginia-Carolina, na kilichowapeleka mlimani ni mbao, pamoja na ndoto za madini ya chuma. Abiria walikuja kama nyongeza. Mwaka 1915 hivi reli ikawa imefika mbali zaidi ya West Jefferson, hadi Elkland, pale panapoitwa Todd siku hizi, na mji wa West Jefferson wenyewe umezaliwa na hiyo reli. Baadaye kampuni kubwa ya Norfolk and Western ikalimeza tawi zima. Sasa sikiliza hii sehemu vizuri maana nitairudia mbele: kiwanda kikubwa cha mbao pale Konnarock kilifungwa mwaka 1928, miti imekwisha. Mwaka 1933 kipande cha kwenda Todd kikang'olewa. Kwa hiyo sababu ya reli kuwepo ilikufa mapema sana, na reli ikaendelea kuishi zaidi ya miaka 40 baada ya sababu yake. Treni moja ya mchanganyiko, mabehewa ya mizigo na kibehewa cha abiria mkiani, inapanda na kushuka kila siku isipokuwa Jumapili, inabeba barua, mbolea, mifugo, na mama anayekwenda mjini kununua vitambaa.

Link yeye hakuwa mtu wa pale. Kazaliwa Brooklyn, New York, 1914, kasomea uinjinia wa ujenzi, alafu akaishia kupiga picha za matangazo. Januari 1955 alitumwa Staunton, Virginia, kupiga picha za tangazo la viyoyozi. Jioni akatoka kwenda Waynesboro, sio mbali, kuangalia treni za mvuke za Norfolk and Western zikipita, na kesho yake usiku wa tarehe 21 akarudi na taa zake akapiga picha ya kwanza. Wakati huo kampuni nyingine kubwa zote Marekani zilikuwa zimeshahamia dizeli au zinamalizia kuhama. Hawa peke yao walikuwa bado wanategemea mvuke, kwa vichwa walivyotengeneza wenyewe pale Roanoke, na mwaka huohuo 1955 na wao ndo wakaanza kununua dizeli. Yaani jamaa kafika mlangoni wakati wenye nyumba wanafunga mizigo. Akaandika barua kuomba ruhusa, akapewa, na toka hapo mpaka 1960 akawa anakwenda na kurudi kwa pesa yake mwenyewe, akatoka na negativu kama 2,400.

Sasa picha zake zinazojulikana zaidi ni za usiku. Alikuwa anatandika waya shambani, mtaroni, juu ya paa la nyumba ya mtu, anafunga balbu za flashi kadhaa, zile za kuungua mara moja tu unatupa, zote zimeunganishwa kwenye mstari mmoja wa umeme. Hapa kuna jambo dogo linanifurahisha sana. Ukiunganisha balbu kwa mstari mmoja, waya ukikatika sehemu moja hakuna hata moja itakayowaka. Watu wangeona huo ni udhaifu, yeye aliona ni usalama, kwa sababu kama mzunguko umekamilika basi zote zitawaka kwa pamoja, hupati picha nusu yenye giza upande mmoja. Treni inapita mara moja. Ukikosa umekosa, urudi kesho na balbu mpya, na kesho kunaweza kunyesha. Alishasema wazi kwamba jua hawezi kulisogeza na reli hawezi kuisogeza, kwa hiyo akaamua kuleta mwanga wake mwenyewe.

Na hakuwa anaona aibu kupanga. Ile picha yake maarufu ya Iaeger, West Virginia, Agosti 1956, wapenzi wawili wamekaa ndani ya gari wanaangalia sinema ya nje huku treni inapita pembeni, eropleni inayoonekana kwenye skrini aliiongeza baadaye wakati wa kusafisha picha maana flashi ziliifuta skrini ikawa nyeupe tupu. Wapo wanaosema huo ni uongo. Mimi sioni hivyo, mtu wa matangazo ndo alivyofundishwa, na hakudai kuwa mwandishi wa habari.

Ila tawi la Abingdon lilimgomea. Treni ya pale ilikuwa ya mchana. Huwezi kuleta usiku saa nne asubuhi. Mtu aliyezoea kuamrisha mwanga akajikuta anasubiri mawingu kama sisi wengine tu. Na hapo, kwa maoni yangu, ndo alipiga picha zake bora.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Treni ikitambaa, gari inaitangulia, unasimama hapa, unapiga, unakusanya vyombo, unaitangulia tena stesheni ya mbele. Safari moja inakupa nafasi nyingi badala ya moja. Sababu ya pili ndo kubwa, na inahusu watu: kwenye njia kuu treni inampita mtu, kwenye tawi treni inasimama kwa ajili ya mtu. Green Cove ile stesheni iliyojengwa 1914 ilikuwa pia ofisi ya mizigo, posta, sehemu ya kutuma telegramu, na duka. Wakala wa stesheni alikuwa ndo mwenye duka na ndo bwana posta. Kwa hiyo ukisimama pale na kamera nusu saa kabla treni haijafika unakuwa tayari umeshaona kijiji kizima kikipita, nani kaleta magunia, nani anasubiri barua, nani kaja kupiga soga tu kwa sababu stesheni ndo kijiwe. Kwenye mazingira hayo farasi mwenye mkokoteni hana haja ya kutafutwa, ana shughuli zake pale.

Na kichwa cha treni chenyewe, namba 382. Ni cha daraja la M, yaani aina ya vichwa vilivyotengenezwa miaka ya 1906 na 1907, magurudumu manne madogo mbele na manane makubwa ya kusukuma, nyuma hamna kitu. Mwaka 1956 hicho ni kizee cha nusu karne. Kiliachwa kule mlimani kwa sababu ni chepesi, madaraja ya mbao yasingebeba majitu ya njia kuu. Kwa wanaojua reli zetu, mpangilio huohuo wa nne na nane ndo uliokuwa kwenye vichwa vya daraja la 24 vya East African Railways, vile vilivyoanza kuletwa miaka ya 1920, na sababu ni ileile, reli nyepesi inataka mzigo ugawanywe kwenye magurudumu mengi. Nilipoligundua hili nilicheka peke yangu. Mzee wa Virginia na mzee wa kwetu ni ndugu wa tumbo moja kabisa kwa sura.

Kwa hiyo kwenye picha ya Maud kuna wazee wawili. Wengi wanaisoma hivi: farasi, usafiri wa zamani, anauheshimu usafiri mpya. Lakini angalia tarehe. 1956. Mwaka uliofuata, 1957, mvuke ukaondoka kwenye tawi hilo, dizeli ikaingia. Hicho kinachoinamiwa hakikuwa kipya hata kidogo. Ni kama kwenye msiba pale mzee mmoja anapompa mkono mzee mwenzake na wote wanajua foleni inaelekea wapi. Mimi ndo ninavyoisoma na sidhani kama Link mwenyewe angebisha, maana alikuwa anajua dizeli iko njiani, ndo maana alikuwa na haraka.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema nitarudia. Ukimuuliza mtu yeyote mwenye mapenzi na treni kuhusu tawi la Abingdon atakuambia Maud, atakuambia madaraja ya mbao, atakuambia rangi za majani ya Oktoba, maana Link alipiga huko hata picha za rangi. Hakuna atakayekuambia mbao. Miaka karibu 30 kati ya kufungwa kiwanda cha Konnarock na Link kushusha kamera ilitosha msitu kuanza kurudi, mashina ya miti iliyokatwa yakafunikwa na majani, na reli iliyojengwa kwa ajili ya kuumaliza mlima ikaonekana kama kitu kilichoota pale chenyewe. Picha inakumbuka uzee wa reli. Ujana wake, wenye makelele na misumeno na watu waliolipwa kidogo wakavunjwa viungo, haumo. Sio kosa la Link, asingeweza kupiga picha kitu kilichokwisha kabla hajafika. Lakini sisi tunaotumia picha zake kama kumbukumbu tuna kosa tukisahau kwamba alifika jioni.

Hili linauma zaidi kwa sababu picha nzuri hufukuza zile mbaya. Naamini zipo picha za siku za mbao, za watu wamesimama wima mbele ya magogo wamekunja uso, hazina mwanga mzuri, hazina jina la kuchezea. Nani atazitundika ukutani?

Ila kuna kitu Link alifanya ambacho kinamwokoa kwenye hii hesabu, na watu wanakipita haraka. Alirekodi sauti. Alikuwa anabeba mashine ya tepu, zile nzito za miaka ya 50, anarekodi kichwa kinavyohema kupanda mlima, honi, kengele, ndege asubuhi, watu wanaongea, na akatoa santuri zake. Picha inaweza kukudanganya kwamba kila kitu kilikuwa kimetulia, sauti haiwezi, unaisikia kabisa injini inavyoteseka mlimani na unajua hii kazi ilikuwa ngumu.

Nisimame hapa nieleze kwa nini hili limenishika. Mjomba wangu alikuwa gadi kwenye reli ya Tanga, ile inayopita chini ya milima ya Usambara kwenda Moshi. Treni ya abiria ilikuja kusimama miaka mingi, ikarudi Desemba 2019, na mimi kwa furaha nikanunua kamera ya mtumba nikaanza kupiga. Nikampelekea mjomba picha kama 60 kwenye simu. Akazipitia zote, polepole, kidole kikisukuma moja moja, alafu akaniambia, "Mjomba, hivi nyie siku hizi mnapiga picha chuma tu?" Nikamwambia hapana, hii hapa ina machweo. Akasema machweo anayaona bure kila siku. Akataka kujua yule mama anayeuza machungwa kwenye treni ni mtoto wa nani, na stesheni masta wa sasa hivi anakaa nyumba ileile ya zamani au kahamishwa. Sikuwa na jibu hata moja. Picha 60.

Basi nikarudi kwa Link na macho mengine. Kumbe yule jamaa tunayemsifia kwa balbu alikuwa anajua majina. Maud tunamjua kwa jina! Farasi! Wale wawili kwenye gari la Iaeger majina yao yaliandikwa. Madereva, mafaiamani wanaochochea moto wa injini, mawakala wa stesheni, aliwapiga wakiwa kazini na akaandika ni nani na yuko wapi. Mwanga ni ufundi, unaweza kuununua, siku hizi simu inakutengenezea yenyewe. Jina huwezi kulipata baadaye. Miaka 27 baada ya ile Maud, mwaka 1983, ndo picha zake zikaanza kuoneshwa kwenye majumba ya sanaa na watu wakaanza kumjua, na zingekuwa hazina majina leo zingekuwa mapambo.

Reli yenyewe iliendelea kujikokota. Huduma ya abiria ikaisha miaka ya mwanzo ya 60. Treni ya mwisho kabisa ilipita tarehe 31 Machi 1977, alafu reli zikang'olewa. Kilichofuata hakikuwa cha kawaida kwa wakati ule: tuta la reli kutoka Abingdon mpaka karibu na mpaka wa North Carolina, maili 34, kama kilomita 55, likageuzwa njia ya baiskeli na miguu, madaraja yakiwekewa mbao za kupita watu. Watu wakawa wanapelekwa na gari hadi Whitetop, wanashuka na baiskeli bila kukanyaga pedali mpaka Damascus. Ile kona iliyomtoa jasho faiamani ndo ikawa inamfurahisha mtalii. Biashara ya Damascus ikakaa juu ya hiyo njia, vyumba vya kulala, kukodisha baiskeli, chakula.

Alafu Septemba 2024 kimbunga Helene kikapiga milima yote ile. Mto unaoitwa Whitetop Laurel, ambao reli iliufuata na kuuvuka mara nyingi kwa sababu ndo njia pekee ya kupenya pale, ulibeba madaraja 18 kati ya Damascus na Whitetop. Nusu nzima ya juu ya njia ikafungwa. Wajenzi wa 1900 na kitu walichagua kando ya mto kwa sababu ni rahisi kupanda, na mto haukuwahi kukubali ile mikataba, mafuriko ya 1940 yalishawapiga pia. Hapa ndo unaona kwamba kumbukumbu ya reli haikuwa kwenye picha tu, ilikuwa pia kwenye udongo, mtu akipita na baiskeli miguu yake ilikuwa inajua mwinuko wa reli hata kama hajawahi kusikia jina la Link. Hiyo imekatika. Picha zimebaki peke yao tena, kama zilivyokuwa.

Stesheni ya Green Cove ipo. Ndo stesheni pekee ya asili iliyobaki kwenye ile njia, ya Whitetop unayoiona ni ya kujengwa upya. Ndani ya Green Cove rafu za duka zimeachwa na bidhaa za zamani, makopo na maboksi, kama vile wakala katoka kidogo kwenda kupokea mizigo. Chini Abingdon, mwanzo wa njia, wameweka kichwa namba 433, cha daraja lilelile la M, hakina pa kwenda. Na Roanoke kuna makumbusho ya Link yaliyofunguliwa 2004 ndani ya stesheni ya zamani ya abiria ya Norfolk and Western.

Mimi Jumamosi naenda Korogwe kwa mjomba. Kamera nitaiacha. Nitaweka simu mezani irekodi, nimuombe aige honi ya kutokea stesheni na honi ya kuvuka barabara, maana anazijua zote na anaziiga vizuri mno, mpaka mbwa wa jirani huwa anaitikia.